Redio ya Bi Ibtisam

Bi Ibtisam aliporudi mara ya tatu hakupiga honi. Aliliingiza gari uani taratibu, akazima injini, akabaki ndani na vioo vimepandishwa, anatutazama. Mteja anayepiga honi huwa ana hasira za kupita tu. Huyu alikuwa na neno.

Nilikwenda kumfungulia mwenyewe, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Bi Ibtisam."

"Marahaba, mwanangu." Akashuka, akaweka mtandio sawa, akanipa funguo kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. "Bubu."

"Tena?"

"Mie sisemi tena. Wewe kaa nayo, iulize."

Bi Ibtisam ana duka la vitambaa Buguruni, la tangu enzi za babu yake, na ana gari dogo jeupe la mwaka themanini na tano ambalo hamwachii mtu usukani wake. Redio iliyokuja na gari hilo ilikuwa ya Kijapani. Masafa yake ya FM yalikuwa yanaishia tisini, na stesheni nyingi za mjini ziko juu ya hapo, kwa hiyo miaka yote alikuwa anasikiliza kanda: mawaidha asubuhi, taarabu jioni. Redio ilipoanza kutafuna kanda akatuletea hapa Temeke, kwenye karakana ya Fundi Salumu, tumwekee mpya. Niliyemwekea ni mie.

Na ndiyo maana moyo ulinishuka aliposema bubu.

Nieleze hapa hali yangu ilivyokuwa, maana bila hiyo mtu ataona ni habari ya waya tu. Fundi Salumu alikuwa na meza moja tupu, meza ya redio na taa, tangu Audax alipohamia Kurasini kufanya kazi za makontena. Alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya umeme wa magari, mwaka mmoja na nusu, kwenye madarasa ya shule ya msingi ambayo madawati yake yalikuwa ya watoto. Muhula wa mwisho tumbo lilikuwa linagusa ubao. Mume wangu, Farhan, alisema nijaribu, na mama yake akakubali kukaa na mtoto wetu, Malak. Miezi mitatu. Nikipata meza, naendelea. Nikiikosa, Elibariki, fundi wa dinamo na stata, ataunganisha meza zote mbili, na mie narudi nyumbani na cheti changu kwenye bahasha. Miezi mitatu ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo, Alhamisi, na kati ya magari yote niliyoshika, moja tu lilikuwa linarudi. Hili.

Halafu na mtoto mgongoni. Mama mkwe aliondoka alfajiri kwenda msibani Bagamoyo, hakukuwa na wa kumwachia. Fundi Salumu aliponiona asubuhi alitazama mgongo wangu, akasema, "Leo umekuja na msaidizi."

"Ni leo tu, fundi."

"Mie nimesema kitu?"

Hakusema. Lakini alikwenda akaichukua ile boksi ya betri kuukuu karibu na meza yangu akaisogeza mbali, akaweka mkeka mahali pake. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananionea huruma au alikuwa anaogopa asidi.

Bi Ibtisam alisimama kivulini, mikono nyuma. "Nisikilizeni. Leo nakwenda Boko kwa binti yangu. Kutoka Buguruni mpaka Boko kwa foleni hii ni saa mbili. Nisikilize nini, injini? Mie nakwenda hapo kwa shangazi yangu, nitarudi baada ya swala ya alasiri. Ikiimba, naondoka nayo. Isipoimba, mnitolee, mnirudishie ile kuukuu yangu. Ile ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa inasema."

"Bi Ibtisam, na spika zako ni za siku nyingi," Fundi Salumu alianza.

"Hizo hizo ndizo zilizokuwa zinaimba, Salumu. Spika hazijabadilishwa. Kilichobadilishwa ni redio." Akanitazama. Hakunitazama vibaya, na hilo ndilo lililoniuma. "Hii yenu inang'aa kama kioo cha bibi harusi. Lakini bibi harusi mwenyewe kanuna."

Akatoka zake getini.

Fundi Salumu akanivuta pembeni. "Mahfudha. Akirudi, mwambie spika zimechoka. Zina karibu miaka arobaini, nani atabisha? Tunafunga mpya nne, anaondoka na furaha yake."

"Spika ni nzima, fundi. Nilizipima wiki iliyopita."

"Ulizipima, na gari limerudi."

"Nikifunga mpya na tatizo si spika, litarudi mara ya nne."

Alijikuna kidevu. "Basi una mpaka alasiri," akasema. "Kama halitatoka hapa linaimba, mie na wewe tutaongea."

Nilianza upya kabisa, kama vile gari sijaliona maishani. Mara ya kwanza liliporudi nilibadilisha fyuzi na kukaza waya wa ethi. Mara ya pili nilirudia maungio yote ya nyuma ya redio. Mara zote mbili liliimba hapa uani vizuri kabisa, mwenyewe akasikia kwa masikio yake, akaondoka. Na mara zote mbili alipowasha redio akiwa barabarani, kimya. Taa inawaka, namba zinaonekana, stesheni inakamata, spika zote nne hazitoi hata mkwaruzo.

Nilimlaza Malak mkekani, nikatoa redio kwenye dashibodi. Nikachukua betri ya saa ya ukutani. Hii ni njia ya kimaskini lakini haidanganyi: unagusisha ncha mbili za waya wa spika kwenye betri, na spika ikiwa nzima inakujibu, krr. Kushoto mbele, krr. Kulia mbele, krr. Nyuma zote mbili, krr, krr. Malak akageuza kichwa kila mara, anatafuta nani anaongea.

Kisha nikazitazama nyaya zenyewe. Kwenye kazi hii nilikuwa najivunia kitu kimoja. Redio ile ya zamani ilikuwa ya mtindo wa zamani: waya hasi za spika zote zilikuwa zimefungwa fundo moja na kubanwa kwenye bodi la gari, yaani bodi lenyewe ndilo lilikuwa njia ya umeme kurudi. Redio za sasa hazitaki hivyo. Kila spika inataka waya zake mbili, na hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusa bodi. Ukigusa, redio inazima sauti yote ili isiungue. Mwalimu wetu wa jioni alituandikisha hilo mara tatu kwenye daftari. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa nililifungua lile fundo, nikatenganisha kila waya, nikazungushia tepu nyeusi. Kulikuwa safi. Bado kulikuwa safi.

Nikarudisha redio, nikawasha. Ikaimba. Singeli ikajaa uani mpaka wachomeleaji wa jirani wakapiga miluzi.

"Si hiyo inaimba?" Elibariki akasema, kichwa kiko chini ya boneti ya gari jingine. Elibariki ni mtu wa Same, mcheshi, na alikuwa haitaki ile meza kwa ubaya. Alikuwa anaitaka kwa sababu ipo.

"Inaimba hapa. Barabarani haina sauti."

"Dada, hii gari ina wenyewe. Nyie watu wa pwani mnajua. Hapa hapatakiwi mita ya umeme, panatakiwa chetezo na udi."

"Njoo ulitikise basi, labda watashuka."

Alikuja kweli. Akapanda bampa la nyuma, akaruka ruka kama anayepima chaga za kitanda dukani. Gari likayumba, singeli ikaendelea. Akaenda mbele, akaruka. Ikaendelea. Nikawasha injini, nikakanyaga mafuta mpaka moshi ukamfuata Fundi Salumu ofisini. Ikaendelea.

"Litoe barabarani," Elibariki akasema, halafu akajicheka mwenyewe, kwa sababu anajua. Tangu Audax alipogonga bajaji na gari la mteja, Fundi Salumu haruhusu gari lolote livuke geti likiwa mikononi mwetu.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikaswali, nikarudi, nikaikuta bado inaimba, kama inanifanyia kusudi. Nilikaa chini kando ya gurudumu nikafungua daftari la darasani. Mambo yote niliyokuwa nimeandika ya kupima nilishapima. Nilianza kupiga hesabu ya maneno nitakayomwambia Farhan jioni, nikajikuta yote yanaanza na "lakini". Nikalifunga daftari. Alasiri ilikuwa bado.

Ndipo Malak alipoamka na njaa.

Sasa ua wetu si mahali pa kunyonyeshea. Kuna wateja, kuna wachomeleaji, na jirani alikuwa ameanza kukata vyuma, cheche na vumbi mpaka kwetu. Nikamchukua mwanangu, nikaingia kwenye gari la Bi Ibtisam, kiti cha mbele cha abiria. Kioo nikakiacha wazi kiasi cha hewa kuingia, nikachomeka khanga juu yake kama pazia. Nikauvuta mlango nikaufunga.

Redio ikanyamaza.

Nilibaki nimeshika titi kwa mkono mmoja, Malak anahangaika, na mimi nimekodolea macho dashibodi. Taa inawaka. Namba zinaonekana. Sauti hakuna.

Nikampa mtoto chakula chake kwanza. Halafu, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, nikavua ndala, nikanyoosha mguu, nikafungua kitasa kwa kidole gumba cha mguu na kuusukuma mlango nje. Sekunde kama nne hivi. Ndani ya redio kitu kikagonga, tak, na singeli ikarudi katikati ya neno.

Nikauvuta mlango kwa mguu. Kimya.

Nikausukuma. Tak. Singeli.

Nilifanya hivyo mara sita. Malak aliacha kunyonya akaanza kunitazama, maana nilikuwa nacheka bila sauti na tumbo langu lilikuwa linamtikisa.

"Dada, unaua nzi?" Elibariki akauliza kutoka mbali. Alikuwa anaona mguu tu ukiingia na kutoka.

"Elibariki, hebu niambie. Gari likiingia hapa, kitu cha kwanza tunafanya nini?"

"Tunamsalimia mwenye gari."

"Cha pili."

Akafikiri. "Tunafungua milango."

"Milango yote minne," nikasema.

Akanyooka, spana mkononi, akautazama ua. Magari matano yalikuwa yamepaki na yote yametanua milango kama kuku wanaotanua mabawa juani. Jua la Temeke mwezi wa pili, ukifunga milango ya gari ukiwa ndani unajipika mwenyewe. Hakuna fundi anayefanya hivyo, na sijawahi kumwona anayefanya. Bi Ibtisam mwenyewe alikuwa anasikilizia pale pale uani, amesimama nje, mlango wa abiria uko wazi. Halafu anaingia, anafunga, anatoka na redio imezimwa, kwa sababu harudishi gari nyuma huku muziki unapiga. Anawasha akishafika lami. Na milango imefungwa.

Malak aliposhiba nikamfunga mgongoni. Nikachukua bisibisi na mita nikapiga magoti mlangoni. Kati ya mlango na bodi, pale kwenye bawaba, kuna mpira kama utumbo ambao nyaya zinapita ndani yake kwenda kwenye spika ya mlangoni. Nikauchomoa mpira taratibu. Ulikuwa umekauka na umepasuka upande wa chini. Nikavuta nyaya, na pale pale ukatoka waya wa spika, ule hasi, umechunika urefu wa ukucha, shaba iko nje. Kwenye ukingo wa bati kulikuwa na alama ndogo nyeusi mahali inapogusa. Mlango ukiwa wazi, waya unanyooka na kuinuka. Ukifungwa, unakunjika na kulala juu ya bati.

Nilikaa chini. Sikuwa nafikiria redio sasa, nilikuwa nafikiria miaka. Waya ule haukuchunika jana. Labda ulikuwa umechunika miaka kumi, kumi na tano, na hakuna aliyejua, kwa sababu redio ile ya zamani waya hasi ulikuwa unatakiwa kwenye bodi hata hivyo. Uguse usiguse, kwake sawa. Hii mpya ndiyo ilikuwa inasema ukweli, na sie tulikuwa tunaizibia mdomo kwa kuacha milango wazi.

Nikakata kipande kibovu, nikaunga waya mpya, nikalehemu kwa risasi badala ya kusokota tu, nikavisha mpira mwembamba, na juu yake tepu. Nikaingiza mpira mwingine mzima kutoka kwenye gari bovu la nyuma ya ua. Nikafunga nyaya mbali na bawaba. Mita ikaniambia hakuna kinachogusa bodi. Nikaingia, nikafunga milango yote minne, nikakaa na jasho langu na mwanangu kwa nyimbo mbili, kioo wazi upande mmoja kwa ajili yake. Haikunyamaza.

Fundi Salumu alikuja nilipokuwa namalizia. Nilimwonyesha kipande cha waya. Akakigeuza geuza kwenye kiganja.

"Hii ni ya zamani," akasema.

"Ya zamani sana."

"Vizuri. Basi mwambie hivyo. Waya wa gari lake ulikuwa mbovu tangu zamani. Si kosa letu." Akanirudishia. "Na usiseme zaidi ya hapo."

Bi Ibtisam aliingia getini na harufu ya udi wa kwa shangazi yake. Nikamsalimia tena, nikamwonyesha waya, nikamweleza habari ya redio ya zamani na ya sasa. Alisikiliza kwa makini kama anayepima kitambaa.

"Kwa hiyo ile kuukuu ilikuwa inagusana na bati na inaendelea kuimba."

"Ndiyo, Bi."

"Na hii ikiguswa pasipostahili inanyamaza."

"Ndiyo."

"Ina adabu basi kuliko mwenzake." Halafu akainamisha kichwa. "Lakini mwanangu, sijaelewa kitu kimoja. Mmeniambia imepona mara mbili. Mliponiambia imepona, mlikuwa mnasikia nini?"

Fundi Salumu alikohoa. Elibariki akainama chini ya boneti yake haraka. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, waya ulikuwa mbovu tangu zamani, na lilikuwa neno la kweli. Lakini Bi Ibtisam alikuwa ameuliza kitu kingine.

"Tulikuwa tunajaribu milango ikiwa wazi, Bi," nikasema. "Kwa sababu ya joto. Mie ndiye niliyejaribu, mara zote mbili. Sikuwahi kukaa ndani na milango imefungwa kama unavyokaa wewe. Ningekaa siku ya kwanza, usingerudi hata mara moja."

Sikumtazama Fundi Salumu. Nilikuwa namtazama Bi Ibtisam, na nilikuwa najua vizuri ninachokiweka mezani.

"Haya," Bi Ibtisam akasema. "Ingieni."

"Tuingie wapi?" Fundi Salumu akauliza.

"Ndani. Wote. Na huyo anayejificha naye aje."

Elibariki akaja. Tukaingia: Bi Ibtisam kwenye usukani, Fundi Salumu mbele, mie na Elibariki nyuma, Malak mapajani. Bi Ibtisam akapandisha kioo chake. Akamwambia Fundi Salumu apandishe chake. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Joto likatukalia.

Akawasha redio. Ilikuwa taarabu, ya zamani, na mpigaji udi alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Bi Ibtisam aliongeza sauti. Spika za mbele, spika za nyuma, zote nne. Jasho lilimtiririka Elibariki kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kola. Fundi Salumu alijipangusa kwa leso, akaikunja, akajipangusa tena. Malak alitazama mmoja mmoja usoni, akaanza kunung'unika, nikafungua kioo cha kwangu, na hakuna aliyenikataza. Redioni waliimba ubeti mzima. Bi Ibtisam akafungua mlango wake, akaufunga kwa nguvu. Iliendelea. Akamwambia Fundi Salumu aubamize wa kwake. Akaubamiza. Iliendelea.

"Shukeni," akasema. "Mnanichafulia viti."

Tulishuka. Akageuza gari, na safari hii alirudi nyuma redio ikiwa inaimba. Alipofika getini alisimama, akashusha kioo, akaniita kwa kidole. Nikakimbia.

"Jina lako nani vile?"

"Mahfudha, Bi."

"Mahfudha. Shangazi yangu ana gari. Nitamwambia." Akapandisha kioo, akaingia barabarani.

Niliporudi, Fundi Salumu alikuwa amesimama katikati ya ua, shati limemganda mgongoni, anayatazama magari yaliyobaki na milango yao.

"Kuanzia leo," akasema kwa sauti ya kila mtu, "gari la redio halitoki hapa mpaka milango ifungwe na mtu awe ndani. Nyimbo mbili."

"Fundi, kwa jua hili?" Elibariki akasema. "Nani atakaa humo?"

"Mwenye meza ya redio."

"Nani sasa, mie?"

"Wewe umekaa ubeti mmoja umetaka kuzimia." Akanigeukia. Alinitazama kitambo, mie na mtoto. "Ulimwambia yote."

"Aliuliza, fundi."

"Nimesikia alivyouliza." Akachukua leso yake, akaikamua, maji yakatoka kweli. "Kesho huyu unamwacha kwa nani?"

"Kwa bibi yake. Anarudi leo usiku."

"Basi njoo saa moja na nusu. Kuna pikapu inatoka Kurasini, wameifunga redio wenyewe, wanasema upande mmoja unakwaruza."

Nikamuuliza unakwaruza wakati gani, injini ikiwaka au hata ikiwa imezimwa.

"Unaniuliza mie?" akasema. "Meza ni yako." Akaenda bombani kunawa uso.